JEKI NI YA KUINUA, SI YA KUSHIKILIA
Namna ya kubadili vifaa vya mbele vya gari nyumbani bila kuumia



Zamani ukisikia gari linanguruma kijijini, ulijua ni la serikali, la misheni au la chama cha ushirika. Siku hizi mambo yamebadilika. Mkulima wa kahawa wa Ngara anaweza kuwa na pikapu yake. Mfanyabiashara wa mahindi wa Nyakahura naye anayo. Vijana wengine wana Noah au Probox za kubeba abiria, zile tunazoziita michomoko.

Lakini gari likija, na matengenezo huja nayo. Barabara ya lami inayotoka Lusahunga kwenda Rusumo inapita malori mazito ya Rwanda na Burundi mchana na usiku. Tangu daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha mpaka vilipozinduliwa Aprili 2016, malori hayo hayasubiriani tena kupita moja moja kama zamani. Na ukiacha lami ukaingia njia ya kijijini, unakuta mashimo, mawe, na changarawe yenye mawimbi madogo madogo kama bati. Kila shimo hupiga magurudumu ya mbele. Mwisho vifaa vya mbele vinachakaa.

Fundi mzuri mara nyingi yuko mbali, tena anataka fedha. Kwa hiyo watu wengi hulala chini ya gari nyumbani, penye kivuli cha mwembe, na kufungua wenyewe. Hatusemi ni vibaya. Kujitegemea ni kuzuri. Lakini tunasema hivi: gari linaweza kukuua likiwa limesimama, injini imezimwa, na funguo ziko mfukoni mwako. Watu hufa hivyo. Nao hufa kwa sababu moja kubwa: waliiamini jeki.

VIFAA VYA MBELE NI VIPI?

Hebu tuvitazame kimoja kimoja.

Springi hubeba uzito wa gari. Gurudumu likiingia shimoni, springi hubonyea, halafu hurudi. Springi nyingine ni za kuzunguka kama nyoka aliyejikunja. Nyingine ni vyuma bapa vilivyopangwa pamoja, kama zile za Land Rover za zamani. Katika pikapu nyingi za zamani springi ya mbele ni fimbo ndefu ya chuma inayojisokota.

Shokapu huituliza springi. Bila shokapu, gari lingeendelea kurukaruka kama mpira kila likipita kwenye tuta. Ndani ya shokapu mna mafuta yanayopita kwenye matundu madogo, na hayo ndiyo hupunguza mwendo wa springi.

Mkono ni chuma kinachounganisha gurudumu na bodi ya chini ya gari, yaani chesisi. Penye maungio yake mna bushi za mpira.

Boli jointi ni kama nyonga ya mtu. Ni kigoroli cha chuma ndani ya kikombe. Hukiwezesha chuma kinachobeba gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona. Boli jointi ikichomoka, gurudumu hulala upande na dereva hawezi tena kuliongoza gari.

Taireodi husukuma magurudumu kushoto na kulia unapozungusha usukani. Mwisho wake nao una kigoroli kama cha boli jointi.

UTAJUAJE KUWA VIMECHAKAA?

Gari husema. Sikiliza na utazame.

1. Ukipita kwenye mashimo unasikia ko-ko-ko mbele. Huenda ni bushi au boli jointi.
2. Tairi inakula upande mmoja, na mwingine bado mzima.
3. Shokapu imelowa mafuta na kushika vumbi zito. Hiyo imevuja.
4. Bonyeza kona ya mbele ya gari kwa nguvu, kisha achia. Gari zuri hupanda na kutulia. Likirukaruka mara mbili tatu, shokapu imechoka.
5. Usukani unatikisika, au gari linavuta upande mmoja.

Ukiona dalili hizi usingoje. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Boli jointi huwa haichagui mahali pa kukatikia. Inaweza kukatika kwenye mteremko wa kushuka Rusumo, au katikati ya pori usiku, gari limejaa akina mama na watoto. Tena Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani.

KWA NINI GARI HUANGUKA?

Gari dogo lina uzito wa tani moja hivi. Hayo ni sawasawa na magunia 10 ya mahindi ya kilo 100. Pikapu huwa zaidi. Je, nani kati yetu anaweza kulala chini ya magunia 10 yaliyoegemezwa kwenye kijiti kimoja? Hakuna. Lakini chini ya gari tunalala!

Jeki ina udhaifu wake. Jeki ya mafuta ina mpira ndani unaozuia mafuta. Mpira huo ukichoka, mafuta hupenya na jeki hushuka, taratibu au ghafla. Jeki ya kusokota haivuji, lakini mguu wake ni mwembamba na huinama upande. Ardhi ikiwa laini, jeki huzama. Gari likisogea kidogo tu, jeki huanguka nalo.

Sasa tazama kazi yenyewe. Nati za vifaa vya mbele huwa zimeshika kutu. Utazivuta kwa nguvu zako zote, utasukuma, utapiga nyundo. Unalitikisa gari wakati uko chini yake. Ndiyo maana tunasema: jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Ikishakwisha kuinua, kazi ya kushikilia ni ya stendi.

MATAYARISHO

Mahali. Tafuta mahali palipo tambarare na pagumu. Nyumba nyingi za Ngara ziko mgongoni mwa kilima, na uwanja wake una mteremko. Usifanyie kazi hapo. Afadhali upeleke gari penye tambarare, hata kama ni mbali kidogo. Kama mvua imenyesha na udongo ni laini, ngoja ukauke.

Watu. Usifanye kazi hii peke yako. Awepo mtu mzima mwingine karibu. Asikae mtu ndani ya gari. Watoto, mbuzi na kuku wakae mbali.

Stendi. Ziwe mbili, za chuma, zinazoweza kubeba uzito wa gari lako. Ni kifaa cha kununua mara moja ukatumia miaka mingi, na watu watatu wanne wenye magari wanaweza kuchanga na kununua pamoja. Kama huna, tumia vipande vya mbao ngumu, vinene, vilivyopasuliwa bapa pande zote. Vipange viwili hivi na viwili hivi, kwa kupishana, kama mtu anavyopanga matofali ya tanuru. Kitako kiwe kipana, na kimo kisizidi upana wa kitako.

Usitumie tofali, liwe la udongo au la saruji. Tofali hubeba uzito kimya kimya, halafu hupasuka ghafla bila kukuonya. Usitumie mawe yaliyopangwa. Usitumie gogo la mviringo, maana hubingirika.

KUINUA NA KUEGEMEZA

Fuata utaratibu huu. Usiruke hata hatua moja.

1. Vuta hendibreki. Tia gia ya kwanza. Kama gari ni la otomatiki, weka kwenye P.

2. Weka mawe makubwa au kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya nyuma. Hatua hii wengi huidharau. Sikilizeni vizuri. Magari mengi madogo huvutwa na magurudumu ya mbele. Gia hushika magurudumu ya mbele tu. Ukishayainua juu, gia haishiki kitu tena! Imebaki hendibreki na yale mawe yako.

3. Legeza nati za tairi nusu mzunguko, gari likiwa bado chini. Ukingoja mpaka liwe juu, utalivuta likaanguka.

4. Weka ubao mpana na mgumu chini ya jeki ili isizame.

5. Weka jeki mahali penye nguvu palipotengwa na kiwanda. Siyo kwenye bati la sakafu, siyo chini ya sampu ya mafuta ya injini. Inua taratibu. Usiingize mkono wala mguu chini wakati gari linapanda.

6. Weka stendi chini ya chesisi au mahali penye nguvu, kushoto na kulia. Shusha jeki mpaka uzito wote ukae juu ya stendi.

7. Sasa simama pembeni na ulisukume gari kwa mikono miwili. Lisukume kweli kweli. Likitikisika kwenye stendi, inua tena upange upya. Ni afadhali lianguke sasa ukiwa nje, kuliko baadaye ukiwa ndani.

8. Vua tairi. Usiiegemeze mtini. Ilaze chini ya ubavu wa gari. Mambo yote yakiharibika, gari litaangukia tairi badala ya kifua chako.

Kama hujavua tairi, sasa ndiyo nafasi ya kuipima. Ishike juu na chini, uitikise. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, ubovu uko kwenye beringi ya gurudumu. Ukibaki, tazama boli jointi. Kisha ishike kushoto na kulia. Ikicheza hapo, tazama taireodi. Mwenzako akimaliza kukanyaga breki ashuke.

KUBADILI SHOKAPU YA PIKAPU

Katika pikapu nyingi za zamani, shokapu imesimama peke yake. Haishiki springi. Kazi hii mtu makini anaweza kuifanya nyumbani.

Siku moja kabla, safisha nati kwa brashi ya waya na uzitie mafuta ya kulainisha kutu. Ziache zilale nayo. Usizichome moto. Shokapu nyingine zina gesi, na zikipata moto zinaweza kupasuka.

Gari likishakaa kwenye stendi, peleka jeki chini ya mkono wa chini, iguse tu ili mkono usishuke ghafla. Fungua nati ya juu. Kama fimbo inazunguka pamoja na nati, ishike fimbo kwa spana nyingine. Kisha fungua bolti ya chini na uitoe shokapu. Mipira na washa zake zipange chini kwa mfuatano zilivyotoka.

Shokapu mpya isimamishe wima, uivute na kuibonyeza mara chache ili hewa itoke kwenye mafuta. Kama ni ya gesi imefungwa na mkanda, usiukate mkanda mpaka shokapu iko mahali pake. Ukiukata mapema itajifungua yenyewe mkononi.

Bolti inayopita katikati ya bushi usiikaze kabisa gari likiwa juu. Ikaze ya mwisho likishasimama chini kwa magurudumu yake. Ukiikaza likiwa juu, mpira hujisokota gari likishuka, na utachanika mapema.

Badilisha zote mbili, kushoto na kulia. Moja mpya na moja nzee hazivuti sawasawa, na gari litayumba.

NATI USIYOIGUSA

Katika magari madogo mengi, kama Noah na Probox, shokapu imo katikati ya springi. Umbo hili hupewa jina la mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson. Gari la Ford Consul, lililotolewa Uingereza mwaka 1950, ni mojawapo ya ya kwanza kulitumia. Leo limeenea dunia nzima.

Hebu tusikilize mazungumzo yanayoweza kusikika katika gereji yoyote.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba kijana wangu. Hii shokapu nimeshaitoa kwenye gari. Imebaki nati hii kubwa ya katikati tu, inanikatalia.

— Mzee, hiyo usiiguse! Shukuru imekukatalia.

— Kwa nini? Nati si ni nati tu?

— Hii ndiyo kufuli ya springi, mzee. Springi imebanwa humo ndani kama mtego uliokwisha kutegwa. Ukiifungua inaruka usoni kwako.

— Ala! Sasa wewe utaifunguaje?

— Nina kibano. Kwanza naibana springi pande mbili, sawasawa, mpaka ilegee kwenye vikombe vyake. Ndipo nafungua nati.

Kijana huyo amesema kweli. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya na kuua. Waya na kamba haviwezi kuizuia.

Kwa hiyo fanya hivi. Nyumbani unaweza kufungua zile nati ndogo za juu zinazozunguka pembeni, mara nyingi ni tatu, na bolti mbili za chini. Kabla ya kufungua bolti za chini weka alama ya rangi zilipokaa. Itoe shokapu nzima pamoja na springi yake, bila kuigusa nati ya katikati. Mpelekee fundi mwenye kibano. Akishabadilisha, irudishe mwenyewe. Hivyo umepunguza gharama na uso wako ni mzima.

Jambo moja zaidi. Usiache breki ining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Ifunge juu kwa waya. Mpira huo ukichanika ndani hutauona, na breki zitakukimbia njiani.

BOLI JOINTI NA TAIREODI

Hapa tahadhari ni kubwa zaidi. Katika magari mengine boli jointi ndiyo inayozuia springi isifyatuke. Ukiifungua bila kuishika springi, mkono wa chini hushuka kwa kishindo. Kama springi ya gari lako imekaa juu ya mkono wa chini, au ni fimbo ya kujisokota, kazi hiyo mwachie fundi.

Ncha ya taireodi unaweza kubadilisha. Kabla hujaitoa, hesabu mizunguko ya uzi wake, ili mpya uirudishe pale pale. Ikitoka vigumu, usiiondoe nati yote. Ilegeze mizunguko michache tu, iendelee kuzuia ncha isichomoke ghafla. Pini ya waya inayokunjwa kwenye nati weka mpya kila mara. Usirudishe ya zamani, wala usiweke msumari.

Kununua nako kuna macho yake. Vifaa vya bandia ni vingi, na vya mtumba vingine vimekwisha kabla ya kuuzwa. Tikisa boli jointi mkononi. Ikicheza au mpira wake umepasuka, iache dukani.

BAADA YA KAZI

Rudisha tairi, kaza nati kwa mkono. Inua kwa jeki, ondoa stendi, shusha gari. Likiwa chini kaza nati kwa kupishana, si kwa kuzunguka. Hesabu vifaa vyako. Spana moja ikikosekana, usiwashe gari mpaka umeiona.

Jaribu breki kabla ya kutoka uwanjani. Endesha polepole karibu na nyumbani, bila abiria. Baada ya kilomita 50 hivi kaza tena nati za tairi. Kisha ukienda mjini pima alaimenti, la sivyo tairi mpya zitakwisha kwa muda mfupi.

GARI LIKIMWANGUKIA MTU

Usimvute kwa nguvu. Usitegemee kundi la watu kuinua kwa mikono, maana likiwaponyoka litamwangukia mara ya pili. Weka kabari, inua kwa jeki, weka mbao chini kila linapopanda. Wakati huo mwingine apige simu 112 na kutafuta usafiri wa hospitali, kama Murgwanza au Biharamulo. Hata akisema hajambo apelekwe. Maumivu ya ndani hayaonekani.

Watu husema ajali haina kinga. Hii inayo. Kinga yake ni stendi mbili, mawe manne na subira. Shokapu inauzwa dukani. Baba wa watoto hauzwi popote.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini gia peke yake haitoshi kulizuia gari unapoinua magurudumu ya mbele?
2. Kwa nini tofali halifai kuegemeza gari?
3. Ni nati gani ya shokapu ya Noah ambayo haifunguliwi nyumbani? Eleza sababu.
4. Katika kijiji chenu kuna magari mangapi, na kuna stendi ngapi? Mnaweza kufanya nini pamoja?